Kiti cha kushoto: maswali yenu ya urubani na majibu yangu

Barua zimelundikana tangu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Nimechagua hizi, nami nazijibu kutoka kiti cha kushoto, kile cha rubani, kwenye ndege ndogo za Unguja na Pemba. Walioniuliza mshahara wangu wasubiri, tena wasubiri sana.

Je, mwanamke anaruhusiwa kuwa rubani? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Anaruhusiwa. Mfaransa Raymonde de Laroche alipewa leseni yake tarehe 8 Machi 1910, na huenda babu yako alikuwa hajazaliwa. Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka. Tafadhali lisirudi.

Nimemaliza kidato cha nne, niko Chake. Fizikia nimepata D, Hesabu C. Nimepangiwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na ndoto yangu tangu utoto ni kurusha ndege. Bado nina nafasi? (Binti, Chake Chake)

Unayo, lakini usinichukie kwa nitakayosema. Ndoto tangu utoto mnazo nyote. Kila ndege ikipita juu ya skuli, darasa zima hutoka kuipungia mkono. Wanaobaki baadaye wakauliza ile ndege ina uzito gani, na kwa nini inaondoka ikielekea upepo unakotoka, ni wawili watatu.

Leseni yenyewe haidai shahada, wala haiulizi ulisoma mkondo gani. Vyuo vingi vya urubani ndivyo vinavyotaka ufaulu mzuri wa Hesabu, Fizikia na Kiingereza, na hata kisipotaka chuo, mtihani utataka. Utapimwa hali ya hewa, uongozaji wa ndege njiani, sheria za anga, ufundi wa injini, uzito na mizania. Mizania ndiyo inayowaliza wengi. Caravan, ndege ndogo ya injini moja tunayorukia Pemba, ikiwa imejaa, haitakiwi kupita takriban tani 4 inapoondoka, na ndani yake kuna mafuta, abiria kumi na kitu, mabegi yao, na huyo aliyeficha gunia la embe chini ya kiti akadhani silioni. Lazima ujue uzito ni kiasi gani na umekaa wapi, mbele au nyuma. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kugawa tu, ila huifanya jua likikuchoma na watu wakikuuliza mbona hatuondoki.

Kwa hiyo kama unaweza kubadili mkondo uende PCM au PGM, yenye Fizikia na Hesabu, badili. Kama huwezi, rudia mtihani wa Fizikia ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Na mkizungumza na dada yako, zungumzeni Kiingereza, kwa sababu kanuni za kimataifa zinataka rubani afike angalau daraja la 4 la Kiingereza cha anga, na mwenye hilo la 4 hupimwa tena kila baada ya miaka 3. Wasichana wa Pemba wana akili kama za mtu yeyote. Tatizo ni kuwa walimu wa Fizikia hawatoshi, halafu mtu mzima anamwambia mtoto Fizikia ni ya wavulana ili asiseme kweli kuwa mwalimu hayupo.

Navaa miwani. (Mariyamu)

Vaa. Kinachotakiwa ni uone vizuri ukiwa nayo, na uzitambue rangi. Daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiye atakayekwambia, si jirani.

Urefu wangu ni futi 5 na inchi 1. Nitafika? (Bila jina)

Kiti kinasogezwa, na kuna mito ya kukalia. Kipimo ni kukanyaga pedali hadi mwisho na kuona nje juu ya dashibodi. Mimi sikuzidi sana.

Mtoto wangu wa kike anataka urubani. Nimepata wakala mjini, anasema nimpe milioni tatu za kumshikia nafasi chuo cha nje, na baada ya miezi 6 atarudi akiwa rubani wa ndege kubwa. Nimpe? (Baba, Jang'ombe)

Usimpe hata mia.

Sasa kaa nikueleze, maana barua kama yako nimeshazisoma nyingi, na katika baadhi pesa zilikuwa zimeshakwenda. Rubani wa ndege kubwa hapatikani kwa miezi 6. Kwanza ni leseni ya rubani binafsi, angalau saa 40 za kuruka, nayo haikuruhusu kulipwa hata senti. Ya pili ni leseni ya biashara: umri usiopungua miaka 18, saa 200, au 150 ukisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Hapo kati kuna kujifunza kuruka kwa vyombo bila kuona nje, na kuruka ndege ya injini mbili. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa, inataka saa 1,500 na umri wa miaka 21. Anayekuambia miezi 6 anakuuzia picha ya mtu aliyevaa mabega ya dhahabu.

Fanya hivi, na kwa mpangilio huu. Kabla ya kulipa ada yoyote, mpeleke binti apimwe afya daraja la kwanza, ile ya marubani wa biashara. Nimeona mzazi ameuza kiwanja, mtoto ameshafika chuoni, ndipo ikagundulika haoni tofauti ya kijani na nyekundu. Pili, uliza Mamlaka kama chuo hicho kinatambulika, na kama ni cha nje, leseni yake inabadilishwaje iwe ya Tanzania, kwa mitihani ipi. Tatu, lipa kwa awamu, saa kwa saa, tena kwenye akaunti ya chuo chenyewe. Chuo kikifa, na vyuo hufa, utakuwa umepoteza awamu moja badala ya urithi wote.

Kuhusu gharama sikufichi: ni makumi ya maelfu ya dola hadi leseni ya biashara ikamilike. Kuna mama mmoja aliniambia hana uwezo, na namwamini. Kuna mwingine alinieleza hivyo hivyo wiki mbili baada ya harusi ya siku tatu, ukumbi, sare za kina mama kila usiku kitambaa chake, na bi harusi akiwa yule yule binti aliyetaka kuruka. Pesa za harusi zisingetosha leseni, hilo nakubali. Zingetosha kumpima afya, kumlipia zile saa 40 za mwanzo au sehemu yake, na kujua kama kweli anaweza, kabla ya kumwambia hawezi.

Je, kozi ya uhudumu wa ndege ni hatua ya kuelekea urubani?

Hapana. Ni kazi nyingine, nzuri na ngumu, na ina chuo chake.

Mimi ni mwanafunzi, navaa hijabu. Nitavaaje hedfoni? (Z., Mkoani)

Swali la maana, na hakuna anayelijibu. Vaa mtandio mwembamba wa pamba unaobana, usiwe na pini upande wa sikio, kwani pini ikikandamizwa na hedfoni kwa dakika thelathini za kwenda Pemba utaitamani ardhi. Ncha zichomeke ndani ya shati, zisininginie karibu na vishikio. Nguo nzito chini ya mpira wa hedfoni inaingiza kelele za injini, hivyo jaribu aina mbili tatu ukiwa chini. Buibui refu liache nyumbani. Sare ni suruali au sketi pana, na utapanda ngazi ya bawa.

Kila alfajiri kabla ya safari ya kwanza nasimama chini ya bawa na kichupa cha plastiki, nabonyeza kivujishio cha tangi, mafuta kidogo yanashuka ndani. Nainua kichupa kwenye mwanga. Maji yakiwemo yanajikusanya chini kama shanga. Mpagazi mmoja wa uwanja wetu wa Kisauni hunitania kila siku: "Bi, leo umepata asali?" Shughuli hiyo ukiifanya na ncha ya mtandio inayopepea, utaichovya kwenye mafuta na utanuka hadi jioni. Najua ninachokisema.

Rubani akishika mimba anafukuzwa? (Msomaji wa kike, Fuoni)

Asifukuzwe, lakini atakaa chini kwa muda. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, yanasema mwenye mimba isiyo na matatizo, akiwa chini ya uangalizi wa daktari, anaweza kuruhusiwa kuruka tangu mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Kabla na baada ya hapo, hapana. Lazima uiarifu mamlaka na daktari wako wa anga. Kuificha ni kosa na ni hatari kwako na kwa walio nyuma yako. Kwa hiyo soma mkataba kabla ya kusaini: katika miezi hiyo unalipwa nini, na unapangiwa kazi gani chini? Wanaume hawausomi ukurasa huo. Wewe anzia hapo.

Kwa hisani yako, usikasirike. Wanawake wana woga wa asili. Ndege ikitikisika mtafanya nini? (Mzee M., Wete)

Sikasiriki, mzee wangu. Tutafanya wanachofanya wanaume: kupunguza mwendo, kufunga mikanda, na kuiacha ndege icheze kidogo bila kupigana nayo. Woga tunao sote, na rubani asiye na woga mimi sipandi ndege yake. Anachofundishwa mtu ni afanye nini akiwa na woga. Kila baada ya muda tunapimwa upya, mkaguzi anakuzimia injini kwa makusudi huku anakutazama.

Umetaja asili. Basi na mimi nikutajie watu. Lotfia El Nadi wa Misri, baba yake hakutaka, akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha urubani ili alipie masomo, akapata leseni mwaka 1933. (Mabinti, sisemi mdanganye baba zenu.) Asli Hassan Abade wa Somalia aliruka katika jeshi la anga la nchi yake mwaka 1976. Amsale Gualu wa Ethiopia aliongoza mwaka 2015 safari ya Addis Ababa hadi Bangkok, wafanyakazi wote wanawake. Jirani zetu Kenya, Irene Koki Mutungi, mwaka 2014 akawa Mwafrika wa kwanza wa kike kuwa kapteni wa Boeing 787. Hao nao wana asili.

Tena nikupe la kwenu. Abiria mmoja wa Wete, mtu mzima, aliketishwa kiti cha mbele kando yangu, maana Caravan ikijaa na rubani akiwa peke yake, kile cha kulia huweza kukaliwa na abiria. Akanitazama nikifunga mkanda, akasema, "Mwanangu, dereva atachelewa?" Nikamwambia dereva ni mie, babu. Akanyamaza kidogo, kisha akaninyooshea kikapu. "Basi niwekee hiki hapo mbele yako, ni mayai." Nikamwambia mayai hayakai mbele ya rubani, yanakaa mapajani pake. Ilikuwa Julai, kusi linavuma, tulitikisika kutoka Nungwi hadi tunashuka, na alichokuwa akikishika muda wote ni kikapu.

Nina leseni ya biashara na saa 215. Mwaka wa pili sasa sipati kazi. Ni kwa sababu mimi mwanamke? (Rubani asiye na ndege)

Nusu ndiyo, nusu sivyo. Kijana wa kiume mwenye saa 215 naye yuko nyumbani. Hapa ndipo ukuta ulipo, wala vyuo havikwambii: kampuni zinataka mwenye saa nyingi, na saa huzipati bila kampuni. Kuna wanaokuwa wakufunzi, kuna wanaokwenda mbugani kurusha watalii, kuna wanaokubali kazi yoyote ya uwanjani ili waonekane.

Ile nusu nyingine naijua pia. Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza, mkubwa mmoja wa kampuni nisiyoitaja alilifungua faili langu, akazipita kurasa za saa bila kuzisoma, akaniuliza, "Mchumba unaye?" Nikasema ninaye. Akaandika kitu. Kazi alipewa mwenzangu niliyesoma naye, saa zake pungufu ya zangu, na yeye mwenyewe alinipigia simu kuniomba radhi. Mimi nikaenda kampuni nyingine kupima mizigo kaunta, miezi 14, hadi rubani mmoja alipohamia Bara wakaniita.

Wewe weka leseni hai, cheti chako cha afya kisiishe muda, ruka hata saa moja kwa mwezi ukipata. Ukiulizwa habari za mchumba, uliza na wao kama swali hilo limo katika fomu ya wanaume. Utaikosa kazi hiyo, pengine. Mimi nilijibu kwa adabu, na nikaikosa vile vile.

Mwanamke kusafiri bila maharimu, inakuwaje? (Ndugu katika imani)

Muulize sheikh wako, mimi si mufti. Namuomba tu anayeuliza atuambie kama aliliuliza pia pale dada yake alipokwenda Dar kusomea uuguzi.

Kwa nini unasema "rubani" bila kuongeza "wa kike"?

Kwa sababu neno linatosha. Lilikuwa la vyombo vya baharini kabla halijapanda angani, na hata huko halikuwa na jinsia.

Nakuja Pemba mara ya kwanza kwa ndege ndogo. Kiti gani kizuri? (Mgeni kutoka Dodoma)

Ukitokea Unguja kaa kushoto. Utaona kisiwa cha Tumbatu, halafu maji matupu, halafu kisiwa cha Misali kabla ya kushuka. Asubuhi jua litakuwa upande wa kulia, halitakuchoma macho. Na kwenye mizani sema kilo zako za kweli, pamoja na lile begi ulilolivaa mgongoni ukidhani halihesabiwi.