Moshi wa shaba na lenga-lenga

Swali: Wanajiografia husema uchafuzi hufuata rangi ya ngozi. Hapa Lubumbashi, Kongo, tunauonaje? Na bustani yangu iliyo upande wa moshi?

Jibu: Fuata upepo, mama. Huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hivyo moshi wa tanuru la shaba lililowashwa 1911 ulielekea kaskazini-magharibi. Wakoloni waliwatenga Wazungu na Waafrika kwa eneo tupu; vibarua walioletwa kutoka Kasai na Rwanda wakalazwa kambini karibu na tanuru. Bahati mbaya? Hapana, ni ramani waliyoipanga.

Bustani: chokaa na mboji hupunguza metali zinazonyonywa na mizizi, haziziondoi udongoni. Kuosha majani huondoa vumbi tu. Kadmiamu, metali yenye sumu, iliyo ndani ya majani haitoki yote hata ukichemsha. Hapo acha lenga-lenga (mchicha), panda mahindi: punje hukusanya kidogo.