Piano yasikika kama imefungiwa sandukuni, ninunue sabufa?

Swali: Fundi asalaam aleikum. Niko Lamu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya zamani ya mawe. Nina spika mbili za inchi 5 na amplifaya ya wati 30, spika nimezitia ndani ya zidaka za ukutani watoto wasizifikie. Taarab yalia vizuri tu, lakini nikiweka rekodi ya piano kubwa ya jukwaani yasikika kama imefungiwa sandukuni, na kuna noti moja ya chini yavuma peke yake. Mwenye duka aniambia ninunue sabufa. Ni kweli?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Sabufa usinunue, si saa hii. Watu wengi wadhani piano ikikosa utamu basi besi ndiyo imepungua, na sivyo. Noti ya chini kabisa ya piano ni hezi 27.5, yaani mitetemo 27.5 kwa sekunde, lakini hata piano yenyewe, tuseme Steinway D, piano kubwa ya jukwaani yenye urefu wa sentimita 274, ule ubao wake wa sauti hausukumi hewa sawasawa huko chini, kwa hiyo kinachokufikia zaidi ni mara mbili yake, mara tatu, mara nne, yaani 55, 82.5, 110 na kwenda juu, alafu ubongo ndio wajazia hiyo 27.5. Spika ya inchi 5 haijakuibia kiasi hicho unachofikiri.

Shida ni zidaka hizo. Spika ukiitia kwenye shimo la ukuta, shimo laongeza mvumo wake, mara nyingi hapo kati ya hezi 100 na 300, inategemea ukubwa wake, na hapo ndipo mkono wa kushoto wa mpigaji unafanya kazi, hata Do ya kati ni 262 tu. Taarab haikuonyeshi manake sauti ya mwimbaji na fidla zapanda zashuka kila saa, sikio lasamehe, lakini piano ina noti 88 ambazo fundi wake amezisawazisha moja moja zitoke na nguvu inayolingana, na ikipigwa noti yadumu yafifia polepole, so shimo likizipa nguvu noti tatu nne utazijua hapohapo. Ndio maana mimi nikipima spika naanza na piano, uimbaji baadaye.

Zitoe humo. Ziweke kwenye stendi nzito, kimo cha masikio ukiwa umekaa, upande ule mfupi wa chumba zikitazama urefu wake, na nyuma yake uache kama nusu mita.

Sasa hiyo noti inayovuma, hiyo yatokana na upana wa chumba, sauti yaenda na kurudi kati ya kuta mbili. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wafuata urefu wa boriti. Tuseme chako ni mita 2.8. Kwa joto letu sauti yaenda kama mita 348 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya upana, yaani 5.6, wapata hezi 62, na hapo kuna Si ya chini ya piano, 61.7. Kuta za matumbawe na chokaa hazinyonyi kitu, mkeka na pazia pia haziigusi besi hiyo. Ukikaa kitandani umeegemea ukuta ndipo yavuma zaidi, ukikaa katikati kabisa yapotea, kwa hiyo kaa robo ya upana, kama sentimita 70 kutoka ukutani. Tafuta programu ya simu ya kutoa toni, anza hezi 40 upande polepole hadi 100, utaisikia inapoamka. Ukileta sabufa humo utaiongezea nguvu ileile Si.

Pesa zako zikitaka kutoka, zitie kwenye amplifaya. Nyundo ya piano ikigonga waya, lile pigo la kwanza laweza kuzidi wastani kwa desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na desibeli 20 ni nguvu mara 100, yaani ukisikiliza kwa wati 1 pigo lataka 100 kwa kitambo kidogo sana, nawe una 30, kwa hiyo sauti ikipanda kichwa cha noti chakatwa na nyundo yatoka kavu na kali. Kwa sasa punguza sauti kidogo tu.

Kitu kimoja hutakipata hata ununue spika za bei gani: piano hutoa sauti kwa ubao mpana, juu, chini na kupitia kifuniko, nawe una vitundu viwili. Lakini noti kulingana na pigo kuwa safi, hayo yote wayapata kwa spika zako hizo. Zisogeze kwanza, sikiza siku kadhaa, bado ikivuma nipimie upana, urefu na kimo cha chumba unitumie.