Mzee wa miaka 65 na wahudumu wanne

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesoma kwamba wastani wa umri wa wafanyakazi Japani ni karibu miaka 44, na kwamba wafanyakazi wa mikahawa Marekani wana miaka kama 30. Rafiki yangu anasema basi kazi za huduma Japani zimeachiwa wazee. Ni kweli?
– Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimezeekea kwenye majedwali ya umri wa watu, na kosa hili nimelifanya mwenyewe. Bosi alinirudishia karatasi ikiwa na alama moja tu ya kuuliza, kwa wino mwekundu.

Namba zako mbili si ndugu. Ile ya Marekani si wastani. Watakwimu wa kazi wa kule huwapanga wafanyakazi kwa umri, kisha wakamtazama aliyesimama katikati ya mstari. Chukua wahudumu watano: wa miaka 19, 20, 22, 24, na mzee wa 65. Wastani wao ni 30, na hakuna hata mmoja aliye karibu na 30! Wa katikati ana 22. Mzee mmoja kauvuta wastani peke yake.

Halafu ile 44 ni ya sekta zote, viwanda vikiwemo, tena ni ya wafanyakazi wa muda wote tu. Wanafunzi wanaofanya vibarua vya jioni, ambavyo Wajapani huviita arubaito, wamebaki nje ya hesabu. Na huduma si mikahawa pekee: mwalimu, muuguzi, karani wa benki na dereva wa teksi wote wamo.

Hata hivyo rafiki yako hajapotea kabisa. Japani, watu kama 29 katika kila 100 wametimiza miaka 65. Marekani ni kama 18. Kampuni nyingi za Japani hustaafisha watu wakifika 60, lakini sheria inamtaka mwajiri amwachie anayetaka kuendelea hadi 65, na tangu 2021 anahimizwa kufika 70. Wengi huajiriwa upya kwa mshahara uliopunguzwa. Wengine huishia kwenye teksi, ulinzi na usafi. Marekani nako vijana wengi hufanya kazi mikahawani, na hao hushusha umri wa katikati.

Ukitaka kumjibu vizuri, tafuta majedwali ya Shirika la Kazi Duniani yenye makundi ya umri, sekta ileile kwa nchi zote mbili, vibarua wakiwemo. Usishangae ukiyachora ukaona nundu mbili, wanafunzi huku na wastaafu kule, na wastani umeangukia bondeni pasipo na watu wengi. Likikusumbua, niandikie tena, na uniambie huyo rafiki anasomea nini.