Maswali na majibu: kukata miti Tabora, na tela la kubebea vifaa

Mvua za Tabora huanza Novemba, na upepo wake wa mwanzo ndio unaoangusha matawi mabovu ya miembe juu ya mabati ya watu. Maswali yaliyotufikia safari hii yametoka kwa wenye miti na kwa vijana wanaoishi kwa kuikata. Tumeanza na yale yanayoweza kuua mtu au kufunga biashara.

Tuko vijana watatu hapa Ipuli. Tuna chenso (msumeno wa injini) moja, kamba na ngazi. Tunataka kupunguza na kuangusha miti majumbani na mashuleni. Tuanze na karatasi zipi?

Anzeni na TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, ambayo haina malipo. Kama biashara itakuwa na jina lake, lisajilini BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha mchukue leseni ya biashara Manispaa. Shule na ofisi za umma sasa hununua huduma kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na huko hamtafika mbali bila karatasi hizo. Sehemu ya kazi husajiliwa pia OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Karatasi inayorukwa na wengi ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote: WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi. Kijana anayelipwa sh 300,000 kwa mwezi mchango wake ni sh 1,500. Huyo kijana akianguka kutoka kwenye mwembe na kuvunjika nyonga, Mfuko ndio unaobeba matibabu na fidia. Msipochangia, mtauza chenso, mtauza tela, na bado deni halitaisha.

Halafu kuna ruhusa ya mti wenyewe. Mti ulio kando ya barabara si wa mwenye nyumba, hata kama kivuli chake kinaangukia barazani kwake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa barabara TANROADS, za mitaa ziko chini ya wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA. Kwa mti wa uani, pitieni ofisi ya mtaa na kwa Afisa Misitu wa Manispaa. Ruhusa iwe ya maandishi, ikitaja idadi ya miti na mahali ilipo. Ya mdomo haina nguvu siku jirani akilalamika.

Mimi ni mama wa hapa Cheyo. Mwembe wangu umelalia bati la jirani na waya wa umeme umepita katikati ya matawi. Fundi anasema atapanda alfajiri na panga, hana haja ya kuwasumbua TANESCO. Nimruhusu?

Hapana mama, usimruhusu. Tawi bichi limejaa maji na linapitisha umeme; alfajiri lina umande pia juu yake, kwa hiyo ni hatari zaidi. Nyaya za kwenye nguzo za kilovolti 11 na 33 hazina ganda lolote, na mtu, kamba, ngazi au tawi linaloanguka havitakiwi kuzikaribia kwa chini ya mita 3. Waya unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani una ganda, lakini jua la miaka mingi hulipasua, nao usiaminiwe. Nenda ofisi ya TANESCO, waeleze mahali na aina ya waya, waje wakate umeme au wakate wenyewe matawi yaliyo kwenye njia ya nyaya. Baada ya hapo fundi wako amalizie sehemu iliyobaki.

Kuhusu wakati: mwembe hupogolewa mara baada ya kuvuna. Hapa kwetu maua hutoka kwenye kipupwe, Juni mpaka Agosti, na hutoka kwenye vichipukizi vilivyokwisha kukomaa. Ukikata Mei, utakaa msimu mzima bila maembe, kisha utasema mti umelogwa.

Msimamie fundi kwenye jambo moja. Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja kutoka juu. Likikatwa hivyo, linaanguka kabla mkato haujaisha na linachuna gome la shina mpaka chini. Jeraha hilo haliponi, huoza. Mkato wa kwanza ni wa kutoka chini, kiasi cha nusu mita kutoka kwenye shina, uingie robo ya unene wa tawi. Wa pili ni wa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lidondoke. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, na hapo aangalie mahali tawi linapotokea: kuna uvimbe wenye gome lililojikunja kama shingo ya fulana. Akate nje ya uvimbe huo. Akiukata, mti hauna cha kuzibia jeraha. Akiacha kisiki kirefu, kinakufa na kuingiza uozo ndani. Kupaka rangi au oili kwenye jeraha hakusaidii.

Utomvu wa mwembe unababua ngozi za baadhi ya watu. Avae mikono mirefu.

Fundi wa kuchomelea amenitengenezea tela la magurudumu mawili la kubebea chenso, kamba na magogo. Nalivuta kwa Hilux. Trafiki wamenisimamisha Isevya wakasema tela halina namba. Si linatumia namba ya gari?

Halitumii, kaka. Tela ni chombo kinachosajiliwa peke yake, kina kadi yake na namba yake nyuma. Kwa tela la kuchomelewa, safari huanza kwa mkaguzi wa magari wa polisi: peleka risiti za vyuma na za fundi, namba ya chesesi ikiwa imegongwa kwenye fremu, si kuandikwa kwa rangi. Likipita ukaguzi, unaendelea na usajili TRA. Ambaye bado hajachomelea aende kwa mkaguzi kwanza aulize anachotaka kuona, maana kubomoa ekseli iliyokwisha kuchomelewa ni gharama mara mbili.

Bima nayo iangalie. Bima ya gari kwa mtu wa tatu isikufanye udhani tela limo. Omba kampuni iandike tela kwa namba yake. Leseni ya udereva daraja B ni ya gari binafsi. Gari linalofanya kazi ya biashara linataka daraja D, na lori kubwa linataka E. Faini ya papo hapo hutozwa kwa kila kosa, na tela bovu huwa na makosa manne au matano kwa pamoja.

Sasa tela lenyewe. Ile pete iliyo chini ya bampa la nyuma ni ya kuvutia gari lililokwama. Si ya tela. Unatakiwa uwe na chuma cha kuvutia kilichofungwa kwa boliti kwenye chesesi, si kwenye bampa, na juu yake kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha tela. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa: vichwa vinavyouzwa kwenye skrepa viko vya milimita 50, na vingine vya Kimarekani vya inchi 1 na sehemu saba za nane (1⅞), yaani karibu milimita 47.6. Kikombe cha tela cha milimita 50 kikikaa juu ya hicho kidogo kinaonekana kimefunga, kisha kinaruka kwenye shimo la kwanza. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: ukishafunga, weka jeki chini ya pua ya tela, yaani ncha yake ya mbele, na uinue. Nyuma ya gari ikinyanyuka pamoja na tela, kimefunga. Tela likipanda peke yake, usiondoke. Ongeza minyororo miwili iliyopishana kwa umbo la X chini ya pua, ili tela likichomoka pua idakwe kabla haijachimba lami.

Taa: kwenye plagi ya pini saba ya mpangilio wa Ulaya, waya wa njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu ni breki, nyeusi ni taa ndogo ya kushoto, kahawia ni taa ndogo ya kulia, bluu ni taa ya ukungu, na mweupe ni hasi. Ukikanyaga breki na indiketa zikawaka kwa unyonge, usibadilishe balbu. Waya mweupe umelegea au umeshika kutu mahali ulipofungwa kwenye fremu; kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ufunge upya.

Beba pembetatu mbili za kuakisi. Na kwa kuwa kazi yenu ni matawi, tunaomba hili mlizingatie sana: dereva wa nchi hii akiona tawi limelazwa barabarani anajua kuna gari bovu mbele. Mkiacha matawi yenu kwenye lami baada ya kazi, mnampa ishara ya uongo mtu anayekuja kwa mwendo wa kilomita 80. Fagieni mpaka jani la mwisho.

Tela langu likifika mwendo wa 60 kwenye barabara ya Urambo linaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, mpaka usukani unakuwa mwepesi. Nikipunguza mwendo linatulia. Tatizo ni ekseli?

Inawezekana, lakini anza na mzigo. Usukani kuwa mwepesi kunatuambia kwamba uzito umekaa nyuma ya magurudumu ya tela na unainua nyuma ya gari. Pua inatakiwa kukandamiza kichwa cha gari kwa karibu asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Tela la kilo 700 basi lilalie kwa kilo 50 mpaka 70. Kupima, lisimamishe mahali tambarare, chukua mizani ya bafuni ya kupimia watu, weka juu yake kipande cha mbao kinachofikisha pua kwenye kimo kile kile cha kichwa cha gari, halafu soma. Ukipata pungufu, sogeza magogo mbele. Kitu kizito kilale juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Matawi mepesi ndiyo yaende nyuma.

Mzigo ukiwa sawa na bado linatikisika, pima upepo wa matairi yote mawili, kisha nyanyua gurudumu kwa jeki ulitikise juu na chini. Likicheza, beringi imelegea. Baada ya kilomita 20 za mwanzo simama, gusa kitovu cha kila gurudumu: cha moto kiasi cha kushindwa kushika kina beringi iliyokazwa mno au iliyoishiwa grisi.

Likianza kutikisika ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani unyooke. Usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kulifuata kwa usukani, maana utalizidishia.

Urambo, shamba la mikaratusi ya kukaushia tumbaku. Mti ulioinama ulipasuka katikati wakati ninaukata, kipande cha nyuma kikaruka juu na kupita karibu na kichwa changu. Nilikosea wapi?

Mti ulioinama una nyuzi za mgongoni zilizovutika kwa nguvu kubwa. Ukikata mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande unaoelekea, kisha ukakata taratibu kutoka mgongoni kuja mbele, mti unaanza kwenda kabla bawaba, ule ukanda usiokatwa nyuma ya mdomo, haijawa nyembamba ya kutosha kukunjika. Nyuzi haziwezi kupinda, basi zinachanika kwenda juu. Mkaratusi una nyuzi zilizonyooka, ndiyo sababu hupasuka upesi.

Kata mdomo usiozidi robo ya unene. Kisha ingiza ncha ya chenso ubavuni, nyuma ya mahali bawaba itakapokuwa, itokee upande wa pili. Anza kuingia kwa sehemu ya chini ya ncha. Ile ya juu ikigusa kwanza, msumeno unarudi usoni kwako. Bawaba iwe sehemu moja ya kumi ya unene: mti wa sentimita 40, bawaba ya sentimita 4. Endelea kukata kurudi nyuma, lakini acha mgongoni ukanda wa sentimita 5 au zaidi ambao bado umeushika mti. Safisha njia yako ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, kisha ukate ule ukanda wa mwisho ukiwa umesimama pembeni. Mti utaondoka mara moja, wote kwa pamoja. Wengine wakae umbali wa urefu wa mti mara mbili.

Mteja ameniachia magogo ya mwembe na mninga mmoja nichukue. Naweza kuyapakia kwenye tela niyauze?

Piga hesabu ya uzito kwanza. Zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa 0.785 kwa urefu, vyote kwa mita. Gogo la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 2 ni 0.5 × 0.5 × 0.785 × 2, yaani karibu mita za ujazo 0.39. Mti mbichi uhesabu kama tani moja kwa mita ya ujazo: gogo hilo moja ni kama kilo 390. Tela dogo lisilo na breki lisizidishwe kilo 750 pamoja na uzito wake. Likiwa lenyewe ni kilo 250, gogo la pili halipandi.

Mninga ni suala jingine. Ni mti wa asili unaovunwa kwa leseni, na kuusafirisha kunahitaji kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ile hati ya kupitisha mazao ya misitu, hata kama ulikatwa uani kwa mtu. Nenda TFS kabla haujapakia. Huko huko uliza pia saa zinazoruhusiwa kusafirisha mazao ya misitu. Ukianza kubebea watu wengine mizigo kwa malipo, hapo unahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Kwenye pango la mti tunaotakiwa kuangusha Kwihara kuna nyuki. Tuwachome?

Msiwachome, wala msiwashe chenso karibu nao. Mlio na mtikisiko ndivyo vinavyowatoa wote kwa pamoja, na mtu aliyefungwa kwa mkanda juu ya mti hana pa kukimbilia. Tabora ina Chuo cha Ufugaji Nyuki na wafugaji wengi; mtafuteni mmoja aje jioni na moshi na mzinga, awahamishe na masega yao. Rudini baada ya siku mbili tatu, mtazame mlango wa pango mchana kwenye jua kabla hamjapanda.

Oili chafu ya gari inafaa kwenye cheni ya chenso?

Haifai. Ina vumbi la chuma linalokwangua pampu ya oili na baa, ile bapa inayozungukwa na cheni. Tumia oili mpya, hata ya bei ndogo. Kwenye petroli, kama kitabu cha chenso yako kinasema 50 kwa 1, weka mililita 100 za oili ya tustroki kwa lita 5. Kikisema 25 kwa 1, weka mililita 200. Na kama chenso inakata kwenda upande, meno ya upande mmoja ni mafupi: pima jino fupi kuliko yote, noa mengine yote yafike urefu huo, na baada ya hapo kila ukinoa tumia idadi sawa ya mapito ya tupa kila upande.