Geuza Miguu, Usipinde Kiuno

Jumamosi ile Simba na Yanga walikuwa wanacheza, na gari la vinywaji lilichelewa kufika kwenye baa niliyokuwa nafanya kazi, Sinza. Wateja walishajaa. Nikabeba makreti mawili ya bia kwa mpigo, nikafika mbele ya friza, na badala ya kugeuka mwili mzima nikapinda kiuno tu ili niyatue pembeni. Kitu kikavuta chini ya mgongo, upande wa kushoto. Nikaendelea na kazi hadi saa nane usiku. Asubuhi yake nikashindwa kuinama kuvaa viatu.

Nilikaa kaunta miaka sita, sasa nasimamia stoo ya duka la vinywaji, na migongo mingi nimeiona ikiharibika hivyohivyo. Kreti lenye chupa 25 za nusu lita lina zaidi ya kilo 20. Mtu mzima mwenye afya anaumudu uzito huo. Kinachomuumiza ni kuubeba akiwa amejipinda, au mikono ikiwa mbali na tumbo, tena na tena siku nzima.

Kwa hiyo lisogelee kreti kabla hujalishika. Kunja magoti, livute hadi liguse tumbo, uinuke kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, hamisha nyayo kwanza. Beba moja kwa safari moja, hata bosi akipiga kelele.

Ila hata ujue kubeba namna gani, stoo iliyopangwa ovyo itakuumiza tu. Nilipopewa stoo hii niligeuza makreti matupu kifudifudi sakafuni, nikapanga yaliyojaa juu yake. Tangu siku hiyo hakuna anayeokota mzigo chini kabisa. Rundo halipiti kifua cha anayebeba, na rafu za juu ni za tishu na mirija. Ukipanga vinywaji kwenye friji, rafu za chini zipange ukiwa umekaa juu ya kreti tupu. Toroli la magurudumu mawili nililiomba miezi mitatu. Bosi alikubali nilipomwandikia siku ambazo kijana wetu alilala nyumbani kwa ajili ya mgongo, na idadi ya chupa zilizopasuka.

Wahudumu, chupa zilizojaa zikae katikati ya trei, na trei ikae karibu na mwili. Badilishaneni mikono. Msije kazini na ndala: sakafu ya baa haikauki. Na chupa ikipasuka karibu na ndoo ya barafu, mwageni barafu yote. Kioo ndani ya barafu hakionekani, na nimeshuhudia kiganja kikishonwa kwa sababu hiyo.

Kuhusu mapumziko, msione kama mnaomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Mimi nilikuwa nakula nimesimama nyuma ya kaunta, nikidhani ndiyo kazi ilivyo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kunyamaza. Niliogopa kuonekana mvivu, nikajinunulia dawa za maumivu kwa mshahara wangu. Kumbe upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango yake inatoka kwa mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia, toa taarifa siku hiyohiyo, tena kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu kwa meneja una tarehe na saa.

Maumivu yakishuka mguuni, mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo kabla ya kufikiria kukandwa. Dada mmoja niliyefanya naye kazi alikandwa kwa mafuta wiki mbili ndipo akapelekwa. Mguu wake wa kulia anauburuta mpaka leo.