Viungo vya matangazo ndani ya makala: vipi vinalipa, vipi vinaponza?

SWALI: Ninaendesha tovuti ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa kuku, na wasomaji wengi hunipata kupitia Google. Nimesikia kwamba maneno yaliyomo ndani ya makala yanaweza kugeuzwa viungo vya matangazo vyenye malipo. Aidha, kampuni moja ya nje imeniahidi dola 40 nikiweka kiungo chake katika makala yangu ya zamani, kwa sharti kwamba kisiwe na alama yoyote ya tangazo. Nikubali?

JIBU: Nianze na hizo dola 40, kwa sababu ndizo zinazoweza kukugharimu. Kampuni hiyo haiwataki wasomaji wako. Inataka sifa ambayo tovuti yako imejijengea mbele ya Google, kwa kuwa kiungo kinachotoka kwako huhesabiwa kama kura kwa tovuti kinakoelekea. Sera za Google zinakataza kura hiyo kuuzwa. Kiungo kilicholipiwa hutakiwa kuwekewa alama ndani ya msimbo wake, yaani maandishi ya HTML yanayokiunda, ama rel="nofollow", iliyoanza mwaka 2005, ama rel="sponsored", iliyoongezwa mwaka 2019, na mteja wako ndizo hasa asizozitaka. Tovuti ikibainika kuuza viungo visivyo na alama inaweza kushushwa katika matokeo ya utafutaji au kuondolewa kabisa, nawe umeshasema kwamba wasomaji wako wanatokea huko huko. Mjibu kwamba utakiweka kikiwa na alama. Wengi wakijibiwa hivyo hawaandiki tena.

Kuhusu maneno yanayojigeuza matangazo, utaratibu huo ulienezwa na kampuni kama Vibrant Media, Kontera na Infolinks. Unabandika skripti fupi, yaani programu ndogo, katika tovuti yako, nayo husoma makala, hutafuta maneno yanayolingana na matangazo iliyo nayo, kisha huyapigia mistari chini. Msomaji akifikisha kishale cha kipanya juu ya neno, kisanduku cha tangazo hufunguka. Ni ubunifu wa enzi ya kompyuta ya mezani, maana simu haina kishale, na wafugaji wako, bila shaka, wanasoma kwa simu. Isitoshe, si wewe unayechagua tangazo. Neno «chanjo» katika makala yako ya kideri linaweza kumfikisha mfugaji kwenye bima ya safari.

Njia ninayokushauri ni kiungo unachokiweka kwa mkono wako na kulipwa kamisheni mauzo yanapofanyika. Amazon ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1996, lakini mfugaji wa Kahama haagizi mashine ya kutotolesha vifaranga Marekani. Mtafute muuzaji wa mashine hizo aliye nchini na mpatane. Tuseme makala yako ya utotoleshaji inasomwa na watu 3,000 kwa mwezi, wawili katika kila mia wakabofya, na katika hao 60 wakanunua wawili: kwa mashine ya shilingi 300,000 na kamisheni ya asilimia 5, umepata shilingi 30,000 kutokana na makala moja. Mibofyo hiyo hiyo 60, ikilipwa senti tatu za dola kila mmoja, ingekupa dola 1.80, na kampuni nyingi za matangazo hazitoi fedha mpaka salio lifike kiwango zilichokiweka.

Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba mnunuzi ametoka kwako, kwa kuwa biashara nyingi za kwetu humalizikia WhatsApp na malipo ya simu, mahali ambapo vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kifaa cha msomaji, havifuatilii kitu. Tumia kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp, chenye namba ya muuzaji, ukimalizia na ?text= na ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano «Naulizia mashine ya mayai 60, KUKU07». Msimbo huo wa mwisho ndio ushahidi wako. Kila makala ipewe wake, na mwisho wa mwezi mkae na muuzaji mhesabu jumbe na mauzo.

Kiungo kikae katika sentensi ambayo msomaji tayari anajiuliza atakipata wapi kifaa hicho, si katika aya ya utangulizi, na viwili kwa makala vinatosha. Juu ya makala andika wazi kwamba unalipwa kamisheni. Muuzaji akiishiwa mashine, kiondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu mfugaji aliyebofya akaambiwa hakuna atakulaumu wewe, wala si yeye.