Unamwita Nani? Kutoka Jukwaani Hadi Mbele ya Kamera

Siku yangu ya kwanza ya filamu niliharibu kazi kabla sijafika sentensi ya pili. Nilikuwa nimetoka jukwaani, miaka sita mfululizo, na jukwaani tulifundishwa kwamba aliyekaa kiti cha mwisho naye amelipa kiingilio. Basi nikaachia sauti. Fundi sauti akavua visikilizio, akaanza kusugua sikio. Mwongozaji akaja taratibu, akainama, akaniambia, "Dada, mumeo yuko hapa hapa mezani. Unamwita nani?"

Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu uliyezoea jukwaa na sasa umeitwa kwenye filamu, watakwambia "punguza". Mimi ushauri huo ulinipoteza mwezi mzima. Nilipunguza mpaka nikawa kama mgonjwa. Nguvu haipungui, pumzi haipungui. Kilichobadilika ni umbali. Jukwaani hasira huonekana mabegani, na mtu wa nyuma anaisoma. Kwenye picha ya karibu uso wako unajaza skrini nzima, hata ukipepesa jicho bila sababu mtazamaji ataliona na kulitafutia maana. Kilichoniokoa ni simu. Nilichukua maneno ya tamthilia niliyoijua kama jina langu, nikamkalisha rafiki hatua moja mbele yangu, nikajirekodi. Mara ya kwanza nilijiona kama mtu anayenadi mali mnadani. Nyusi zilikuwa zikicheza zenyewe! Nilirudia wiki mbili mpaka zikatulia, na hasira ikahamia machoni bila mimi kuisukuma.

Jambo la pili hakuna aliyenionya. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, hufuata mahali na ratiba. Nimewahi kumzika mume asubuhi, na baada ya chakula cha mchana nikakutana naye kwa mara ya kwanza. Jukwaani hadithi yenyewe inakubeba kutoka mwanzo hadi mwisho. Huku inabidi uibebe wewe. Nina daftari, na kila sini naiandikia maswali matatu: natoka wapi, najua nini, bado sijui nini. Hilo la tatu ndilo gumu. Siku ile ya kukutana na mume macho yangu yalikuwa tayari na msiba, ikabidi nitoke nje nizunguke kidogo niusahau.

Halafu kuna kikombe. Sini moja hurudiwa mara nyingi, kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha upande wa mwenzako. Kwa mbali nilikinyanyua kwa mkono wa kulia kabla ya kusema "hapana". Kwa karibu nilikinyanyua kwa kushoto, baada ya "hapana". Dada mwenye kazi ya kuhakikisha picha zinaoana alinionyesha karatasi yake bila kusema neno, tukarudia yote. Sasa hivi, nikikariri neno nakariri na mkono unafanya nini wakati huo.

Kusubiri utazoea. Lala ukipata nafasi, na usimalize maneno yako yote kwa soga kabla hujaitwa.

Nizungumzie mkataba, maana hapo niliumia. Kuna tamthilia niliyoibeba misimu miwili. Ilipogeuzwa filamu, nafasi yangu akapewa mwingine mwenye jina. Nilisikia kwa watu. Nilinuna muda mrefu, mpaka niliposoma habari za mwigizaji Jessica Tandy. Mwaka 1947 ndiye aliyeigiza Blanche, mhusika mkuu, katika onyesho la kwanza la tamthilia ya A Streetcar Named Desire pale Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, akapata Tony, tuzo kubwa ya jukwaani Marekani. Filamu ilipotoka 1951, wenzake kadhaa wa jukwaani walikuwemo. Blanche akawa Vivien Leigh, aliyekuwa nyota wa sinema na alikwishaicheza nafasi hiyo London. Tandy akaendelea na jukwaa. Oscar aliipata 1990, akiwa na miaka 80. Sisemi kwamba habari hiyo iliniponya, ila iliniondolea wazo kwamba nimeonewa peke yangu. Unaposaini kazi ya jukwaani, uliza mapema: ikiwa filamu, mimi nitakuwa wapi? Wakikataa kuandika chochote, angalau umejua unaingia wapi. Na usisaini siku hiyo hiyo. Nenda nayo nyumbani, mpe mtu asiyekupenda sana aisome.

Wengine wataniambia jukwaa halilipi, liache. Sijaacha, kila mwaka nafanya angalau tamthilia moja. Kule hakuna kurudia, hakuna mhariri wa kunifichia kosa, na wiki sita za mazoezi zinanirudishia kitu ambacho seti ya filamu hukila polepole. Mwigizaji Viola Davis alikuwa ameshapata Tony mwaka 2001, miaka kadhaa kabla ya Doubt, filamu ya 2008 ambayo dakika zake chache tu zilimpatia uteuzi wa Oscar. Ukizitazama dakika hizo utajua mtu huyu amesimama mbele ya watu usiku mwingi.

Mara ya mwisho nilirudi jukwaani moja kwa moja kutoka kwenye filamu ndefu. Pazia likafunguka, nikaanza kwa utulivu wote niliojifunza, macho tu, sauti ya mezani. Sentensi ya tatu haijaisha, mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma kabisa: "Dada, hatusikii!"